Bondia Asiye na Kiinua Mgongo

Neno kustaafu tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni kuomba kuachiliwa: mtu amechoka na kazi, anamwendea aliyemwajiri, anaomba ruhusa ya kupumzika. Kwa mwalimu, karani au mfanyakazi wa reli, neno hilo huja na ndugu zake wawili, pensheni na kiinua mgongo, ijapokuwa ndugu hao mara nyingi huchelewa njiani. Yuko mfanyakazi mmoja, hata hivyo, ambaye neno hili halimwenei hata kidogo. Bondia wa ngumi za kulipwa haombi kuachiliwa, huachwa. Daktari humulika jicho lake kwa kurunzi, hutikisa kichwa, na mtu mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, umri ambao mwalimu ndipo kwanza anaanza kuizoea chaki, huambiwa kwamba maisha yake ya kazi yamekwisha.

Makala haya yanakusudia kuichambua kazi moja ya sanaa iliyolishika jambo hili barabara kuliko nyingi ninazozijua, nayo ni tamthilia ya Rod Serling iitwayo Requiem for a Heavyweight, jina ambalo twaweza kulifasiri kuwa Misa ya Wafu kwa Bondia wa Uzito wa Juu. Serling (1924–1975) hakuwa mgeni wa ngumi. Alizipiga mwenyewe jeshini, alipokuwa katika mafunzo ya askari wa miavuli wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tamthilia yake ilionyeshwa moja kwa moja katika televisheni ya Marekani tarehe 11 Oktoba 1956, Jack Palance akiwa mhusika mkuu. Mwaka uliofuata BBC ya Uingereza iliiigiza pia, na bondia alikuwa kijana Sean Connery, ambaye wakati huo watu wachache tu walimjua. Mwaka 1962 ikawa filamu ya sinema, na safari hii nafasi ile alipewa Anthony Quinn, mzaliwa wa Mexico. Mwongozaji wa matoleo yote mawili ya Kimarekani alikuwa Ralph Nelson, na maandishi yote mawili ni ya Serling. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa maana miisho ya matoleo hayo imepishana kama mashariki na magharibi, na imetoka katika kalamu moja.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Bondia aitwaye kwa utani Mountain, yaani Mlima, amepigana kwa miaka mingi, na wakati mmoja alikaribia sana ubingwa wa dunia. Usiku mmoja anapigwa vibaya, na daktari anamkataza kupanda ulingoni tena, asije akapofuka. Meneja wake, Maish, anadaiwa fedha na wahuni wa kamari, kwa sababu aliweka dau dhidi ya bondia wake mwenyewe akitarajia kwamba ataanguka mapema. Mlima hakuanguka mapema. Kila raundi aliyosimama kwa ushujaa ilikuwa hasara mfukoni mwa mtu aliyekuwa akimpangusa jasho. Ili alipe deni hilo, Maish anapanga kumtia Mlima katika mieleka ya maigizo, ile ambayo mshindi hupangwa kabla ya pambano na watu huja kucheka. Upande wa pili wamesimama Army, mtu wa kumfunga bondia vidonda, ambaye haupendi mpango huo, na Grace Miller, mwanamke wa ofisi ya ajira anayejaribu kumtafutia Mlima kazi ya kulea watoto katika kambi ya likizo.

Jambo moja ndilo uti wa mgongo wa kazi yote: Mlima hajawahi kujiangusha. Katika miaka yake yote hakuuza pambano hata moja. Hana nyumba, hana akiba, hana cheti, uso wake umekuwa kama ngoma kuukuu. Alichonacho ni hicho kimoja, kwamba kila alipoanguka aliangushwa. Mwandishi amelipanga jambo hili kwa ustadi, kwa kuwa mieleka ya maigizo haina maana nyingine ila kujiangusha kwa malipo. Maish hamwombi rafiki yake abadili kazi tu. Anamwomba auze akiba pekee aliyoiweka. Wahakiki wengi huisoma tamthilia hii kama hadithi ya kiburi na maangamizi, na mimi naona wanapotea. Kiburi ni cha mtu mwenye kitu cha kujivunia mbele ya wengine. Mlima anacho kitu ambacho hakuna mwingine anayejua thamani yake, naye mwenyewe hana maneno ya kukieleza.

Ukosefu huo wa maneno ndio unaoifanya sehemu ya ofisi ya ajira kuwa bora kuliko zote. Jitu lile limeketi mbele ya meza, na mbele yake ipo fomu. Fomu yauliza elimu, na elimu yake ni ndogo. Yauliza kazi alizowahi kufanya, naye anayo moja. Yauliza ujuzi, na ujuzi wake ni kupiga na kupigwa. Sisi tulio walimu tunaifahamu fomu hiyo; tumewajazia wazazi wa wanafunzi wetu, na tumeona jinsi mtu mzima aliyelima, aliyejenga, aliyevua samaki miaka ishirini anavyogeuka kuwa mtu asiye na kitu mara tu mstari wa nukta nukta unapomtaka aandike. Serling hatoi hotuba hapa. Anaiacha fomu ifanye kazi yake. Udhaifu uliopo ni wa Grace mwenyewe, ambaye huruma yake inageuka upesi mno kuwa kitu karibu na mapenzi, kama kwamba mwandishi aliogopa watazamaji wasingevumilia tamthilia isiyo na mwanamke wa kumlilia shujaa. Angebaki karani mwema, mwenye faili arobaini juu ya meza na saa ya kutoka kazini, angetuuma zaidi.

Ipo pia baa. Humo mabondia wa zamani hukutana kila jioni, na kila mmoja hurudia pambano lake la mwaka fulani, raundi kwa raundi, akirusha mikono hewani, na mwenzake hamsikilizi, anangoja zamu yake. Udaktari ulikwisha kuwa na habari za watu hawa tangu mwaka 1928, Harrison Martland alipoandika huko Marekani juu ya mabondia wanaopepesuka na kukokota maneno kama walevi ingawa hawajanywa. Serling hahitaji istilahi ya daktari. Anawaweka watu hao ndani ya baa, anamleta Mlima mlangoni, anamfanya awaone. Tangu hapo hofu yake haina tena jina la njaa wala upofu. Ni hofu ya kuketi kwenye kiti kile.

Filamu ya mwaka 1962 imeongeza jambo la fani ambalo tamthilia ya televisheni haikuwa nalo. Inaanza katika baa, kamera ikipita polepole juu ya nyuso za wanaume wanaotazama ngumi kwenye televisheni, nyuso zilizovunjika pua na kuvimba nyusi. Kisha tunaingia ulingoni, lakini kamera imechukua nafasi ya macho ya Mlima. Hatumwoni yeye, tunaona mpinzani, kijana mwepesi mwenye ngumi za haraka, zikitujia usoni. Tunaanguka. Tunaburuzwa hadi chumba cha kubadilishia nguo, na ni pale tu macho yanapokutana na kioo ndipo tunapouona uso wa Quinn, na tunashtuka, maana tulikuwa ndani ya uso huo bila kuujua. Nimeona filamu nyingi za ngumi, na sijui nyingine inayomfundisha mtazamaji kwa muda mfupi namna hiyo kwamba anayepigwa hajioni.

Kijana yule mwenye ngumi za haraka ni Cassius Clay, akiigiza kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 20, amekwisha kupata dhahabu ya Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960, na ubingwa wa dunia ulikuwa bado mbele yake, mwaka 1964. Tutarudi kwake.

Sasa tuje kwenye miisho. Katika tamthilia ya mwaka 1956, Mlima anagundua dau la Maish, anakataa mieleka, anapanda gari moshi kurudi kwao Tennessee. Ndani ya behewa anakutana na mtoto, na tunamwona akimwonyesha namna ya kuweka ngumi. Pazia. Katika filamu ya mwaka 1962, anagundua dau lile lile, lakini wahuni wamekwisha kumshika Maish na maisha yake yamo hatarini. Mlima anavaa manyoya ya Mhindi Mwekundu wa kuchekesha, anapanda ulingoni, na mbele ya kelele za watu anaanza kuruka na kupiga mayowe kama alivyoelekezwa. Anajiangusha, kwa mara ya kwanza, ili kumwokoa mtu aliyecheza kamari juu ya kuanguka kwake.

Mwisho wa kwanza hupendwa, na si vigumu kuona sababu. Heshima imebaki, nyumbani kupo, mtoto yupo. Lakini mwalimu yeyote wa fasihi wa pande zetu atautambua mwisho huo kama anavyoitambua sauti ya kengele ya shule. Ndio mwisho wa riwaya zetu nyingi za miaka ya 1970, ambamo mhusika aliyepondwa na mji hupanda basi, na ukurasa wa mwisho huwa wa vumbi jekundu, migomba, na mama akisimama mlangoni. Tuliwasifu waandishi hao kwa kuonyesha njia. Kwa hakika tulipaswa kuwauliza wanachoshindwa kutueleza: je, shamba lipo? Ndugu walioligawana wamekubali kupunguziwa? Mtu aliyeondoka akiwa na miaka kumi na sita, akarudi akiwa na jicho moja bovu na mkono unaotetemeka, anafanya nini siku ya tatu, wageni wakisha kwenda zao? Tennessee ya Serling ni ramani isiyo na watu. Gari moshi linakwenda, lakini mwandishi ameshuka kituo cha kwanza.

Mwisho wa pili unachukiza, nao ndio wa kweli zaidi. Nasema hivyo nikijua kwamba kuna ubaya ndani yake usiofutika: ili kumdhalilisha bondia mmoja, filamu inaazima kilemba cha manyoya cha taifa zima lililonyang'anywa ardhi yake, na haionyeshi dalili ya kutambua kwamba kuna aibu ya pili hapo. Hata hivyo, ndani ya mantiki ya hadithi, mwisho huu unalipa deni ambalo ule wa kwanza ulilikwepa. Mlima hajui kupenda ila kwa mwili wake. Miaka yote amemlisha Maish kwa kupigwa. Alipotakiwa kumwokoa, hakuwa na kingine cha kutoa. Na kamera, ambayo mwanzoni ilikaa ndani ya macho yake, sasa imetoka nje. Tumehamishiwa viti vya watazamaji, tumeketi pamoja na wale wanaocheka.

Asiwepo wa kudhani kwamba mieleka hiyo ilibuniwa na mwandishi ili kutuliza kiu ya watazamaji ya machozi. Mwaka ule ule wa 1956 Joe Louis, bingwa wa dunia wa uzito wa juu tangu 1937 hadi 1949, alipanda ulingoni kama mpiga mieleka wa kulipwa. Mwaka 1942, nchi yake ikiwa vitani, alipigana mapambano mawili na mapato yake akayatoa, moja kwa mfuko wa wanamaji na jingine kwa mfuko wa jeshi. Baadaye idara ya kodi ikamdai fedha ambazo kwa riba na adhabu zilipita dola milioni moja. Alikwisha kustaafu mwaka 1949, deni likamrudisha mwaka 1950, na mwezi Oktoba 1951 Rocky Marciano akamtoa nje ya kamba. Uzee wake aliumalizia Las Vegas, kazi yake ikiwa kuwapokea na kuwaamkia wageni wa jumba la kamari. Alipofariki mwaka 1981, miongoni mwa waliochangia gharama za mazishi ni Max Schmeling, Mjerumani aliyempiga mwaka 1936 na kupigwa naye vibaya mwaka 1938. Serling angeandika hivyo, tungemwambia amezidisha chumvi.

Hapa ndipo lawama yangu kubwa kwa Serling inapoangukia. Ubaya wote ameuweka juu ya Maish na wahuni wake. Maish ni mnyonyaji, hakuna ubishi, ijapokuwa ni mnyonyaji mwenye machozi. Lakini yeye ni kupe mdogo juu ya ng'ombe mkubwa. Katika miaka hiyo ya 1950 televisheni ya Marekani ilionyesha ngumi usiku kadhaa kwa wiki, ikilipiwa na wauza nyembe na wauza bia. Watu wakabaki nyumbani kutazama bure, vilabu vidogo vya ngumi, ambamo chipukizi walijifunzia kazi taratibu, vikafungwa mmoja baada ya mwingine, na vijana wakasukumwa mbele ya kamera kabla hawajaiva. Chombo kilichowala mabondia ndicho kile kile kilichowaletea watu tamthilia ya kumlilia bondia. Katika maandishi ya mwaka 1956 hakuna neno hata moja juu ya hilo. Filamu, iliyotengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema na kwa hiyo ikiwa na uhuru wa kumsema jirani, imelidokeza kwa ile televisheni ya baa peke yake, na ikanyamaza.

Tulisema tutarudi kwa Cassius Clay. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, akiitwa sasa Muhammad Ali, alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8, na watu wa nchi zote hizi zinazolizunguka Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika walisikiliza redio kama vile aliyepigana ni mtoto wa jirani. Ukiwatazama wawili hao baada ya usiku ule, utadhani waligawana miisho ya Serling. Foreman aliacha ngumi mwaka 1977, baada ya kushindwa na Jimmy Young huko Puerto Rico. Akawa mhubiri, akafungua kituo cha vijana mjini Houston, akawafundisha watoto namna ya kuweka ngumi. Ni behewa la gari moshi kabisa! Lakini historia iliendelea pale mwandishi aliposhuka: kituo kilihitaji fedha, na mwaka 1987 mhubiri huyo alirudi ulingoni kuzitafuta. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 45, alitwaa tena ubingwa wa dunia. Alifariki mwaka 2025 akiwa tajiri, na sehemu kubwa ya utajiri wake ilitokana na kuuza majiko ya kuchomea nyama yenye jina lake.

Ali naye hakujua kuacha. Alipigwa na Larry Holmes mwaka 1980, akapigwa na Trevor Berbick huko Bahamas mwezi Desemba 1981, na mwaka 1984 ikajulikana kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Madaktari walibishana miaka mingi ni kiasi gani cha ugonjwa huo kililetwa na ngumi. Mwaka 1996, huko Atlanta, aliushika mwenge wa Olimpiki kwa mkono uliotetemeka mbele ya dunia nzima. Aliishi na ugonjwa wake hadi mwaka 2016, akiheshimiwa kila alikokwenda. Anayeitazama leo ile filamu ya 1962, akamwona kijana yule akimtia Mlima ngumi za kumstaafisha, hawezi kuzuia mawazo yasimwendee mbali kuliko alivyokusudia mwongozaji.

Kwetu, jambo hili lilikuwa na sura nyingine kwa muda mrefu. Mabondia waliotajika wa Uganda au Kenya katika miaka ya 1960 na 1970 walikuwa wa ngumi za ridhaa, na wengi walilelewa na jeshi, polisi, magereza au mashirika ya umma. Alipotundika glavu, mtu wa namna hiyo alirudi lindoni au karakanani, na mshahara wa mwisho wa mwezi ulimkuta huko. (Bondia mmoja wa jeshi la kikoloni, aliyekuwa bingwa wa Uganda katika miaka ya 1950, alipata kazi kubwa mno baada ya ulingo, lakini habari za Idi Amin si za makala haya.) Mambo yalibadilika vijana walipoanza kwenda Ulaya na Marekani kupigana kwa malipo. Ayub Kalule alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1979 akiwa ng'ambo, akaupoteza mwaka 1981 kwa Sugar Ray Leonard. Na nyuma yake wamekwenda wengi wasioandikwa na gazeti lolote. Wanafunzi wetu wengine wanatamani njia hiyo leo. Siwalaumu. Nataka tu wawe wameketi dakika chache katika ile ofisi ya ajira.

Kwa mwalimu atakayeipeleka tamthilia hii darasani, na naamini inafaa kidato cha tatu na kuendelea, ipo kazi nzuri ya tafsiri inayomngoja tangu kwenye jina. Misa ya wafu inatosha mahali penye Wakatoliki wengi. Wa pwani atapendelea hitima. Yote mawili yana kasoro moja, kwamba husomwa mtu akisha kufa, na Mlima yu hai, amesimama, anatafuta kazi. Darasa moja lililonisikia nikiusimulia mkasa huu lilibishana kipindi kizima. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alipendekeza Matanga, kwa hoja kwamba tanga si la marehemu, ni la wale wanaoketi. Wenzake wakamtaka ataje ni nani anayeketi. Akahesabu kwa vidole: Army, na huyo mama wa ofisi. Akafikiri kidogo, kisha akamwongeza Maish.